Mkanda wa Banda la Mbuzi

Kwetu Karagwe, zamani hizo, mtu akikuambia gari lake lina AC ulimwuliza: ya nini? Asubuhi za Kanoni ukungu unalala juu ya migomba mpaka saa tatu. Mzee anakwenda shambani amefunga vifungo vyote vya koti la mtumba, na bado anapuliza viganja. Halafu wewe uweke mashine ya baridi ndani ya gari? Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka sana. Nilikuwa dereva wa mradi, na dereva wa mradi miaka ile ya tisini alikuwa mtu. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuna aliyemwuliza ameyatoa wapi.

Mradi wetu ulikuwa wa chemchemi na miti, ofisi yake Kayanga. Wakimbizi walipojaa upande wetu, misaada nayo ikaja, na sisi tukapata gari jeupe, refu, la kupanda milima. Wiki ya kwanza nilipanda nalo mlima wa Rugera, nikaona linahema. Nikafungua boneti. Nikaona mkanda unaozungusha kompresa ya AC unakimbia bure, nikasema ala, kumbe wewe ndiye unayekula nguvu za watu. Nikaulegeza, nikauchomoa. Madereva wote wa Kayanga tulifanya hivyo. Tuliita kulipunguzia gari mzigo, na dereva mgeni akija tulimwonyesha siku hiyo hiyo, kabla hata hajajua choo kiko wapi.

Mkanda ule nilimpelekea mama yangu. Alikuwa na mbuzi watatu na banda ambalo mlango wake haukufungika, kila asubuhi mbuzi tunawakuta kwenye maharage ya jirani. Mpira mzuri, mgumu, wa duara: unauvisha kwenye nguzo mbili, mlango haubanduki. Mama akauvuta, akauachia, ukarudi wenyewe. Akafurahi mno.

"Leo umeniletea kitu cha maana," aliniambia. "Siku zote unaniletea sukari, kama vile mimi ni nyuki."

Basi, mkanda ukakaa pale. Nilipita mbele yake mwaka na nusu bila kuutazama.

Sasa niseme habari za mdogo wangu. Alikuwa kitindamimba wetu, mshonaji, mwenye mdomo mwepesi kama mimi. Miaka sita kabla ya haya ninayosimulia alikuja fundi mwashi kutoka Mwanza, Msukuma, kujenga darasa la shule, na darasa lilipokwisha mdogo wangu akasema anaondoka naye. Mama alikataa. Hakuwa na kosa la kumwekea yule kijana zaidi ya kuwa wa mbali. "Watu wa michembe!" alisema. "Viazi vikavu! Mwanangu ndizi ataziona ndotoni." Watu walicheka, wakadhani ni utani. Haukuwa utani. Siku mdogo wangu alipokuja kuaga, mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anamenya ndizi. Mdogo wangu akasimama mbele yake na sanduku kichwani, akamwita kama tunavyomwita mama kwetu, akasema, "Mawe, ninakwenda." Mama hakuinua uso. Alimenya. Mdogo wangu akasubiri, nadhani alisubiri muda wa ndizi tatu hivi, kisha akageuka akashuka njiani. Mama akaendelea kumenya mpaka ndizi zikawa nyingi kuliko watu wa kuzila.

Barua zilikuja, mimi ndiye niliyemsomea. Alikuwa anasikiliza anatazama pembeni, mwisho anasema "haya". Miaka mitano ya "haya". Mwaka wa sita, baada ya mvua kuanza, akaniambia bila mimi kumwuliza: "Mwandikie aje Krismasi. Aje na huyo mtu wake." Nikaandika siku ile ile kabla hajabadili mawazo. Jibu likaja kwamba watakuja. Msimu wa senene ulikuwa umefika, mama akakaanga senene, akawajaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa na kuliweka darini. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Watoto wangu walilizunguka lile kopo kama paka.

Mwezi wa kumi na moja haujaisha, ikaja habari kwa simu ya upepo ya parokia. Homa. Siku nne tu. Mdogo wangu amefariki Mwanza.

Mama hakupiga kelele. Alinishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, tukasimama pale kwenye banda la mbuzi.

"Nendeni mkamlete," alisema. "Mimi nilimnyima uso wangu. Nataka auone sasa, na mimi niuone wake. Nina maneno ya kumwambia. Mtanifungulia."

"Tutakufungulia, Mawe."

"Usiniletee sanduku lililopigiliwa misumari. Mimi siongei na mbao."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mkuu wetu wa ofisi, mtu wa Muleba, mwema kabisa, alikuwa ameshaniita akasema chukua lile gari lenye baridi, umfikishe vizuri. Ndivyo nilivyomwambia mama: gari lina AC, Mawe, atafika kama alivyolala. Na huku ninasema hivyo, mkanda uko mbele ya macho yangu, umezunguka nguzo mbili. Niliuona. Ningenyoosha mkono tu. Lakini uani kulikuwa kumejaa waombolezaji, wazee wamekaa kwenye nyasi, na mimi, dereva wa mradi, nianze kufungua banda la mbuzi kutafuta kifaa cha gari la ofisi? Watu wangesema nini? Nikajiambia Mwanza mikanda imejaa. Kiburi kina mbinu nyingi, na hiyo ni mojawapo.

Mwanza mikanda ilikuwepo kweli. Fundi wa AC nilimkuta chini ya bati, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaweka mkanda mpya, tukawasha injini, akaminya kitufe. Upepo ukatoka kwa nguvu. Upepo wa moto.

"Gesi hakuna," alisema. Akaleta saa zake mbili za kupimia gesi, zenye mipira ya bluu na nyekundu, akaunga, mishale yote ikalala chini. "Hakuna kabisa. Gari hili AC haijawashwa muda gani?"

"Mwaka na nusu."

"Kwa nini?"

"Kwetu kuna baridi," nikamwambia. "Mkanda niliutoa."

Alicheka huyo mtu! Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema nyinyi watu wa Kagera, mnatoa mkanda mkidhani mnamwokoa ng'ombe, kumbe mnamuua. Akanionyesha mbele ya kompresa, mahali pa kuzunguka, pana utando wa mafuta umeshikana na vumbi. "Hapa ndani pana sili ya mpira. Inalainishwa na mafuta yanayotembea pamoja na gesi. Usipowasha, mafuta hayatembei, sili inakauka, gesi inatoka polepole mpaka inakwisha. Ni kama goti la mzee. Usipolikunja, siku ukilikunja linalia. Dakika kumi tu kila wiki zingetosha."

Nikamwambia gari ni la kubeba marehemu. Dada yangu. Kicheko kikakatika hapo hapo, akaomba radhi, akaanza kazi kweli. Aliunga pampu ya kunyonya hewa, akaiacha inyonye saa nzima, akisema hewa na unyevu vikibaki humo ndani baridi itagoma. Kisha akafungua chupa ya gesi, akaiingiza kidogo kidogo, injini inanguruma, yeye anatazama saa zake na kile kioo kidogo cha kuchungulia gesi inavyopita. Mwanzoni povu lilikuwa jingi. Likapungua, kioo kikawa cheupe, safi. Nikaweka mkono kwenye tundu za upepo. Baridi! Baridi ya kuuma mifupa ya vidole.

"Sikiliza," fundi akasema. Alikuwa amepaka sabuni mbele ya kompresa, na sabuni ilikuwa inatoa vipovu. "Nimejaza, lakini inavuja pale pale. Sili mpya hapa hakuna, ni mpaka iagizwe. Hii inaweza kukufikisha. Inaweza isikufikishe. Siku moja, labda. Ukiona povu kwenye kioo, ujue gesi inakwenda."

Kati ya maneno yote hayo, mimi nilisikia "siku moja".

Shemeji yangu, yule aliyekuwa fundi mwashi, sasa alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Tulikuwa hatujawahi kukaa pamoja hata mara moja. Alikuwa amekonda, macho mekundu, anaongea polepole. Tulipokuwa chumba cha maiti, nilimwona mdogo wangu. Alikuwa mzuri. Alikuwa amefunga mdomo kama mtu aliyeamua kutojibu, vile vile alivyokuwa tangu utotoni. Mhudumu akatuambia dawa ya kuhifadhia imekwisha, tuwahi. Tulipotoka nje, shemeji akanivuta kando.

"Shemeji, kiwandani wanaweza kunipa barafu. Nimeshawaomba. Tunaiweka kwenye magunia na pumba za mbao, tunalizungushia sanduku. Samaki wanakwenda nayo mpaka mbali, haiyeyuki upesi."

Hapo ndipo hasira zangu ziliponishika. Sijui zilikuwa za nani. Labda za mama, labda zangu mwenyewe kwa ajili ya mkanda. Nilimwangalia yule mtu, nikasikia harufu ya samaki kwenye koti lake, nikamwambia kwa sauti, watu wakageuka: "Dada yangu si sangara! Hapakiwi kwenye barafu ya samaki. Gari lina AC."

Akasema, "Sawa, shemeji."

Tuliondoka asubuhi. Jeneza nyuma, sisi wawili mbele, madirisha yamefungwa, baridi inavuma. Nilivaa koti, meno yananigonga, na ninakiri kwamba nilijisikia vizuri. Nilijiona nimeshinda. Kwenye kivuko cha Busisi tukakuta foleni, jua la saa nne, na zamu yetu ilipofika mhudumu akagonga dirisha: "Zima injini, baba." Nikamwambia nina marehemu. Akavua kofia, akasema pole sana, lakini zima. Tukavuka ziwa injini imezimwa. Upande wa pili nilipowasha, baridi ilirudi, ila siyo ile ya kuuma vidole.

Tukafika Biharamulo mchana, tukasimamishwa. Siku hizo pori lile lilikuwa na majambazi, huvuki bila askari, na msafara wa magari wa siku ile ulikuwa umeshaondoka. Mpaka kesho. Nilimbembeleza askari, nikamwita afande, nikamwita baba, nikamwita mjomba. Akasema hata yeye ana mama, lakini mkuu wake hataki kuokota maiti tatu mahali pa moja. Nikaegesha kando, injini inanguruma. Nikafungua boneti kuchungulia kioo. Povu.

Kila nusu saa nilichungulia. Povu likazidi, kama mtu anayechemsha maziwa. Saa kumi hivi upepo ulikuwa wa kawaida. Saa kumi na moja ulikuwa wa moto, nikauzima, kwa sababu ulikuwa unamchoma badala ya kumsaidia. Shemeji alishuka. Alizunguka madukani, nyumba hadi nyumba, na baada ya saa nzima akarudi anakimbia, mikono ameikumbatia kifuani. Alikuwa amepata duka lenye friji la mafuta ya taa. Wamempa bonge la barafu lenye ukubwa wa ngumi, amelizungushia gazeti. Akapanda nyuma, akaliweka juu ya mfuniko, upande wa kichwa, akalishikilia kwa viganja vyote viwili. Liliyeyuka likamtiririkia mikononi. Aliendelea kuweka viganja pale hata baada ya maji kukauka.

Hakusema "nilikwambia". Angesema tu, ningepata mtu wa kugombana naye.

Kesho yake tukavuka pori madirisha yakiwa wazi, vumbi linaingia. Kuhusu ile harufu sitasema zaidi ya kwamba ilikuwepo na wote wawili tulijifanya haipo. Mchana tukaanza kupanda milima ya kwetu. Jamani, baridi ile! Ilitupokea pale pale milimani, baridi ya bure, ya Mungu, yenye harufu ya mvua. Ikaingia madirishani, ikajaza gari lote. Nililia nikiwa nimeshika usukani. Shemeji alitazama nje.

Nyumbani kaburi lilikuwa tayari, kwenye kibanja chetu cha migomba, pembeni ya kaburi la baba. Mganga wa zahanati alisogelea mlango wa nyuma wa gari, akafungua, akasimama kidogo, akafunga. Akaja kwangu akatikisa kichwa: msifungue. Lakini mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya, na uso wake alikuwa ameuosha, bado una maji.

"Fungueni," alisema.

Hakuna aliyesogea. Akanitazama mimi.

"Mawe, haifai," nikasema. "Imeshindikana."

Mama alilitazama sanduku. Kisha akauliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha. Akaja, akainama juu ya ubao, karibu kabisa, akafungua mdomo. Tulisubiri wote. Nilisali moyoni aseme, hata neno moja, hata kwa mbao. Akaufunga mdomo. Akarudi nyuma akakaa chini kwenye nyasi. Tukazika.

Asubuhi iliyofuata shemeji alikuwa anaosha gari, amelichukulia maji mwenyewe kisimani. Mama akaja, akafungua mlango wa mbele, akapanda akakaa kwenye kiti. Hakuwa amewahi kukaa mbele ya gari maishani mwake.

"Baridi inatokea wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha zile tundu. Akaweka kiganja.

"Washa."

"Mawe, haifanyi kazi."

"Washa nione."

Nikawasha. Upepo wa moto ukatoka na vumbi la pori la Biharamulo, ukampiga usoni. Hakuukwepa. Alikaa hivyo akiukodolea macho, halafu akamgeukia shemeji, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema naye tangu afike.

"Na wewe, baba, unayekaa mji mkubwa. Hapakuwa na njia nyingine?"

Shemeji alikuwa na kitambaa mkononi, kinadondosha maji. Mimi nilishika mlango wa gari. Nikajua sasa yatasemwa, na nilitaka yasemwe, Mungu ni shahidi, na nilitaka vile vile yasisemwe.

"Hapakuwa na njia, mama," alisema. "Shemeji alifanya yote."

Mama akashuka. Akanijia, akanishika mabega. "Pole, mwana wange," akasema. "Ulijitahidi. Gari ndilo lililokushinda."

Nikaipokea ile pole. Niliipokea, nikasema asante Mawe, mbele ya mtu aliyekuwa ameumeza ukweli wake ili mimi niufiche wangu. Shemeji alipokuwa anaondoka, mama alishusha lile kopo la senene kutoka darini akampa. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwetu, na sijui nani alimfundisha. Najua. Ni mdogo wangu.

Mama aliishi miaka mingine minane. Kila aliyekuja kumpa pole alimsimulia jinsi mwanawe alivyojitahidi na gari likamshinda. Neno hilo alilisema kanisani, alilisema gulioni. Mimi, tangu sili mpya ilipoagizwa na kufungwa, nilikuwa nawasha AC kila Jumamosi dakika kumi, mvua inanyesha, madereva wenzangu wananicheka, na sikuwaeleza. Nilisema moyoni nitamwambia mama Pasaka. Nilisema nitamwambia baada ya mavuno ya kahawa.

Mara ya mwisho nilipomkuta anatembea kwa miguu yake, ilikuwa jioni, anawaingiza mbuzi. Mikono ilikuwa imeisha nguvu, akaniita nimsaidie mlango. Akauvuta ule mkanda, ukanyooka, akauvisha kwenye nguzo. Haukuwa na hata ufa.

"Unaona?" alisema. "Kati ya vyote ulivyoniletea na lile gari, hiki ndicho kilichofika kizima."

Nikasema ndiyo, Mawe, nikamshikia mlango mpaka akamaliza kufunga.